Jinsi ya kuchora yonkoma ya vichekesho vya sekondari ya Kijapani

Yonkoma ni manga (katuni za Kijapani) ya visanduku vinne vilivyopangwa wima, kimoja chini ya kingine. Kila mkanda hubeba kichekesho kimoja, basi. Inaafikiana vizuri na maisha ya sekondari ya juu ya Japani, kwa sababu siku ya shule nayo imekatwa vipande vifupi: kipindi cha dakika 50, kengele, mapumziko ya dakika 10, kengele tena. Anayeanza hudhani ugumu uko kwenye macho makubwa na nywele. Kinachomwangusha hasa ni nafasi. Maneno yakizidi, au kichekesho kikiwahi kutoka, msomaji hacheki, hata mchoro uwe mzuri namna gani.

Kupima ukurasa

Tumia karatasi nzito ya A4 isiyosambaza wino. Katikati pima eneo la kazi la milimita 150 kwa 220, kipimo cha kawaida kwa Wajapani wanaojichapishia kazi zao. Wa majarida makubwa hutumia B4 yenye eneo la milimita 180 kwa 270, lakini kwa kujifunza A4 inatosha kabisa.

Gawa eneo hilo mikanda miwili ya upana wa milimita 70, katikati uache pengo la milimita 10. Juu ya kila mkanda tenga milimita 12 za kichwa. Zinazobaki zitaingia visanduku vinne vyenye kimo cha milimita 49, na pengo la milimita 4 kati ya kisanduku na kisanduku. Jumlisha: utapata 220 kamili. Upana wa milimita 70 una faida nyingine, kwamba unakaribiana na kioo cha simu. Ukiupakia mkanda mmoja mmoja, utasomeka bila msomaji kuvuta picha.

Mstari wa fremu uwe wa milimita 0.8, wahusika 0.3, vitu vya nyuma 0.1. Dawati likiwa na mstari mnene sawa na uso wa mhusika, vyote vitagandana na jicho halitajua pa kutua.

Amua upande wa kusomea kabla hujashika penseli. Japani mkanda wa kulia husomwa kwanza, na anayesema kwanza hukaa kulia. Unayeandika Kiswahili anza kushoto, na msemaji wa kwanza akae kushoto. Usichore kwa mtindo wa kulia ukitegemea kuugeuza baadaye kwa kompyuta. Picha ikigeuzwa kama ya kioo, vifungo vya koti huhamia upande mwingine na madirisha ya darasa yanakuwa pasipo pake.

Kujenga kichekesho

Wajapani huziita hatua nne ki, shō, ten na ketsu: kuanzisha, kuendeleza, kupindua, kufunga. Ya tatu ndiyo roho. Hapo huingia kitu ambacho visanduku viwili vya kwanza havikukitangaza lakini havikukikataza. Mfano huu unaitwa "Barua":

Kisanduku cha 1: asubuhi, kwenye makabati ya mlangoni ambako wanafunzi hubadili viatu vya nje na vya ndani. Haruka anafungua kabati lake na kukuta bahasha imelazwa juu ya viatu vyake vya ndani. Mio yuko pembeni.
Kisanduku cha 2: Mio ameshika mashavu. "Barua ya mapenzi!" Haruka anafungua, mikono inamtetemeka.
Kisanduku cha 3: barua peke yake, imejaza kisanduku. "Viatu ulivyovaa jana ni vyangu."
Kisanduku cha 4: Mio ameinua kiatu kimoja. "Saizi 27!" Haruka, uso mkavu: "Nilidhani vimetanuka."

Tazama kisanduku cha kwanza. Kisigino cha kiatu lazima kichomoze kidogo nje ya kabati. Msomaji hatakiona mara ya kwanza, ila akimaliza atarudi kukitafuta. Ukikichora kikubwa mno, umeuza siri mapema. Usipokichora kabisa, mpinduko utaonekana umetoka hewani. Saizi nayo ni ya Kijapani: viatu hupimwa kwa sentimita, na 27 kwa msichana ni mashua.

Kuna wahusika wawili wa lazima, waliotoka kwenye manzai, uchekeshaji wa jukwaani wa watu wawili. Boke husema upuuzi akiwa amemaanisha kabisa, na tsukkomi humsuta papo hapo. Mara nyingi tsukkomi ndiye hufunga. Hapa Haruka amepewa neno la mwisho kwa sababu kisingizio chake ni kibovu kuliko kosa lenyewe. Jaribu mipangilio yote miwili kabla ya kutia wino.

Makosa yanayojirudia hapa ni matatu. La kwanza, kila kisanduku kina sura ya mshtuko, macho yametoka na jasho linatiririka, kwa hiyo ukifika cha nne huna pa kupanda. Visanduku viwili vya kwanza viwe vya kawaida, hata vya kuchosha kidogo. La pili, kisanduku cha nne kina picha yenye kelele kuliko zote. Mkanda ni mfupi, na jicho la msomaji hushuka chini kabla ya wakati wake, hivyo pigo likae kwenye maneno na picha itulie. La tatu ni kueleza. Mhusika akisema "Kumbe ulivaa viatu vya mtu!", futa.

Maneno

Kiputo cha maneno cha Kijapani huwa chembamba na kirefu kwa kuwa maandishi yake hushuka wima. Ukikiiga utajuta, maana Kiswahili kina maneno marefu na hayapendi kukatwa. Kiputo chenye upana wa ndani wa milimita 40, kwa herufi kubwa zenye kimo cha milimita 3, hubeba takriban herufi 15 kwa mstari: "hatukukubaliana" linaingia kwa shida. Andika maneno kwanza, ndipo uzungushe kiputo. Mistari mitatu kwa kiputo, viputo viwili kwa kisanduku. Ukivuka hapo vichwa vya wahusika vitaanza kubanwa.

Kwenye milio tuna utajiri wetu. Pale Mjapani anapoandika "shiin" kuonyesha ukimya, andika JII. Anayeanguka, PU. Kilichotumbukia majini, CHUBWI. Kengele ya shule iache "kin kon kan kon", kwa sababu ina wimbo wake na msomaji wa manga anaujua. "Senpai", yaani mwanafunzi aliyekutangulia, nalo libaki lilivyo, kwa kuwa "dada" au "kaka" huleta undugu ambao haupo. "Sensei" likiwa "mwalimu" halipotezi kitu. Shikamoo iache nje: neno hilo moja tu hulihamisha darasa zima kutoka Japani.

Vitu vya shule visivyokosewa

Wanafunzi wakitazama ubao, madirisha huwa kushoto kwao na korido kulia, ili mwanga uwafikie kutoka kushoto na mkono wa kulia usitie kivuli kwenye daftari. Upande wa korido una milango miwili ya kusukuma pembeni, mmoja mbele, mmoja nyuma. Tarehe na majina ya wenye zamu huandikwa wima ukingoni mwa ubao, kulia. Darasa hubeba hadi wanafunzi 40, lakini katika kisanduku cha milimita 49 madawati matatu yanatosha kumfanya msomaji aone yote. Wanafunzi hufanya usafi wenyewe, na wakati wa ufagio na ndoo una vichekesho kuliko kipindi chochote.

Kupanga mwaka

Mwaka wa shule huanza Aprili na kuisha Machi, na sekondari ya juu ni miaka mitatu. Kalenda itakupa nusu ya mawazo bure: Juni sare za joto, mwishoni mwa Julai likizo ndefu, majira ya vuli tamasha la shule, Februari 14 chokoleti kutoka kwa wasichana, mwanzoni mwa Machi mahafali, na Machi 14 wavulana wanalipa. Azumanga Daioh ya Azuma Kiyohiko, iliyotoka jaridani kuanzia 1999 hadi 2002, ilifuata njia hiyo: miaka mitatu ya shule, wahusika wakapanda madarasa hadi wakahitimu. Mhusika wake mmoja ameingia akitokea Osaka, mji ambao Wajapani huutegemea kwa watu wachangamfu na wachekeshaji, naye ni mzito, mwenye ndoto za mchana. Huo ni mpinduko uliojengwa ndani ya mtu, na unatoa vichekesho kwa miaka bila kurudia.

Sura ya kwanza iwe na mikanda 8, yaani kurasa 4. Buni 15 kwa penseli, utupe 7.

Kumalizia

Subiri wino ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli. Ukiharakisha, mistari ya milimita 0.1 itageuka moshi. Skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, nyeusi na nyeupe tupu, kama utachapisha. Kwa simu, skani kijivu kwa dpi 300 kisha upunguze. Kivuli cha vidoti kinachopendeza kwenye karatasi huota mawimbi picha inapopunguzwa, kwa hiyo kwa kazi ya simu tumia kijivu kimoja bapa au mistari ya mkono. Kabla ya kupakia, fungua mkanda kwenye simu yako mwenyewe, mwanga wa kioo ukiwa nusu. Kisigino cha Haruka kikiwa hakionekani, rudi ukikoleze.