Bandika sufuria kabla ya saa kumi jioni

Ukiwa umebanwa nyumbani na umeapa kutogusa sukari, ngano wala vya kukaanga, saa kumi jioni ndiyo ya kuogopa: muuza maandazi anapita dirishani na wewe huna hata kiazi kilichoiva.

Mimi asubuhi, kabla sijashika kazi, nabandika sufuria moja kubwa. Viazi vitamu na maganda yake, magimbi, na mayai matatu manne humo humo (yaoshe kwanza). Magimbi yaive sawasawa, la sivyo yatakuwasha koo. Maharage nayaloweka tangu usiku, nachemsha ya siku tatu kwa mkupuo, yakipoa yanaingia kwenye friji. Jioni inabaki kitunguu, nyanya na tui. Tui la kukuna mwenyewe, maana la pakiti mara nyingi lina viongezo.

Chai ilinishinda wiki nzima. Nikaacha kuipunguzia sukari kijiko kijiko, nikabadilisha kinywaji chenyewe: mchaichai na tangawizi, ambavyo sikuwahi kuvizoea vikiwa vitamu. Kopo la sukari lipeleke kwa jirani. Kulificha juu ya kabati hakusaidii, unajua lilipo.