Kanuni ya pili ya Newton kwenye roketi: pale ambapo tungamo halitulii

"Shikamoo mjomba. Mbona roketi yangu inaenda chini?"

Ujumbe uliingia saa tatu usiku kutoka kwa mpwa wangu, yuko kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Chini yake picha ya daftari. Kuifungua tu, nikaliona kosa ambalo miaka ile lilinifanya nikeshe hadi alfajiri. Tulimalizana kwa simu saa tano, na nayaandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake.

Tutatumia Saturn V, roketi iliyowapeleka wanaanga wa Apollo 11 mwezini Julai 1969. Namba zake, kwa kukadiria: tungamo la kuanzia M = kilo 2,900,000; inachoma kilo 13,000 kila sekunde (tuiite R); gesi inatoka nyuma kwa u = mita 2,580 kwa sekunde.

Hatua ya 1: Chora picha mbili

Kabla: roketi yenye tungamo M na kasi v. Baada ya muda mdogo Δt (Δ ni alama ya badiliko dogo): roketi M − Δm yenye kasi v + Δv, na kando yake furushi dogo la gesi, Δm. Penseli na karatasi, tafadhali. Wanaokimbilia Python, yaani kuandika programu ya kompyuta, kabla ya kuchora huwa nawaona tena baada ya siku mbili.

Δm ninaiandika chanya siku zote: ni gesi iliyotoka. Vitabu vingi vinatumia dM/dt, kiwango cha badiliko la tungamo la roketi, ambayo ni hasi, na alama hiyo ya kutoa imezamisha mitihani mingi.

Hatua ya 2: Jumlisha momenta ya vyote viwili

Momenta ni tungamo mara kasi. Kasi ya gesi kwa anayetazama kutoka ardhini si u. Ni v − u, kwa kuwa u imepimwa kutoka kwenye roketi yenyewe. Basi:

Kabla: Mv
Baada: (M − Δm)(v + Δv) + Δm(v − u)

Fungua mabano, toa. Vipande vya Δm·v vinafutana, ΔmΔv ni kidogo mno, itupe. Kinachobaki, MΔv − uΔm, ni sawa na kani ya nje mara Δt. Kani ya nje hapa ni uzito, −Mg, ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, 9.8. Gawa kwa Δt, na Δv/Δt tuiite a, yaani mchapuko:

Ma = uR − Mg

Hiyo uR ndiyo msukumo wa injini.

Hatua ya 3: Usiandike F = d(Mv)/dt kwa roketi peke yake

Hapa ndipo usiku wangu ulipoishia. Umefundishwa kanuni ya pili ya Newton, kwamba kani (F) ni kiwango cha badiliko la momenta. Sawa kabisa. Kisha unaona M inabadilika na v inabadilika, mkono unawasha, unaandika:

F = Ma + v(dM/dt)

Inapendeza machoni. Nami niliiweka kwenye programu ya kompyuta, roketi ikawa haiondoki, nikatumia saa sita nikitafuta hitilafu kwenye programu. Programu ilikuwa nzima. Hisabati ndiyo iliyooza.

Jaribu mwenyewe. Weka F = −Mg na dM/dt = −R. Unapata Ma = vR − Mg. Sasa roketi iko kwenye jukwaa la kurushia, v = 0, injini tano zinanguruma. Mlinganyo unasema a = −g. Yaani injini hazina kazi yoyote, roketi ilitakiwa izame ardhini! Hicho ndicho alichokipata mpwa wangu. Na tazama, u haimo kabisa. Gesi itoke kwa kishindo au kwa kujivuta, mlinganyo haujali.

Kama bado una shaka, fikiria lori la mchanga linalovuja barabarani. Mchanga unadondoka tu, hakuna anayeurusha nyuma. Kwa fomula ile mbovu, lori lingeongeza mwendo kwa sababu ya kuvuja, na kadiri linavyokwenda kasi ndivyo kuvuja kungelisukuma zaidi. Madereva wangetoboa mabodi kuokoa dizeli. Kwa fomula ya Hatua ya 2, u = 0 upande wa mbele na nyuma, kwa hiyo mchanga haulisukumi lori.

Newton hana kosa. Kanuni yake inahusu mkusanyiko wa vitu ambao hakuna kinachoingia wala kutoka. Ukiihesabu roketi peke yake, kila sekunde unaacha kilo 13,000 nje ya hesabu pamoja na momenta yake. Ndiyo maana gesi lazima iwemo kwenye picha ya pili.

Tahadhari moja: u ninayotumia ni ile ya hesabu, yaani msukumo ukigawa kwa R, hivyo shinikizo la gesi mdomoni mwa injini limeshaingia. Ukikutana na swali linalotaja shinikizo pembeni, liongeze kama kani ya ziada, lakini usilihesabu mara mbili.

Hatua ya 4: Weka namba

uR = 2,580 × 13,000 = niutoni milioni 33.5. Uzito: milioni 28.4. Tofauti ikigawanywa kwa M, a = 1.8 hivi, mita kwa sekunde kwa sekunde. Ndogo, na ndiyo maana Saturn V ilionekana kupanda kwa uvivu.

Hatua ya 5: Kasi

Kwa fomula, ambayo Tsiolkovsky, mwanasayansi wa Urusi, aliichapisha 1903: v = u ln(M₀/M) − gt. Hapa M₀ ni tungamo la kuanzia, M ni la wakati huo, t ni muda, na ln ni logi asilia. Baada ya sekunde 130, M ni kilo 1,210,000, na v ni 2,255 − 1,274 = mita 981 kwa sekunde. Tumechukulia inapanda wima, hakuna hewa, u haibadiliki. Roketi halisi iliinama.

Mimi napenda jedwali kuliko fomula, maana jedwali linakuonyesha njia nzima. Mistari 13 ya sekunde kumi kumi. Ila tumia tungamo la katikati ya kila hatua, si la mwanzo. La mwanzo linakupa kasi ya mwisho ya 902. La katikati linakupa 980.

Mpwa wangu alipomaliza jedwali akauliza kwa nini injini ya katikati ya Apollo 11 ilizimwa mapema, kwenye sekunde ya 135 hivi, ilhali zile nne zinaendelea. Nikamwambia asome safu ya a kutoka juu hadi chini. Inaanza 1.8, mwishoni inakaribia 18. Kimya kidogo, halafu: "Aa, wangebanwa kwenye viti."

"Haya, kalale."