Namna ya Kuishi kwa Rehema Nyumbani na Penye Madaraka

Anza na mtu mmoja aliyekukosea, na umtajie Mungu waziwazi kosa lenyewe, kwa maana kosa lisilotajwa hufunikwa tu. Katika Mathayo 18, mtumwa aliyesamehewa deni la talanta 10,000, yaani fedha nyingi mno, alimkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari 100. Mara nyingi tunasikia kwamba dinari hizo zilikuwa fedha kidogo, lakini dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa. Deni lilikuwa la kweli. Kwa hiyo usijilazimishe kusema hukuumia: acha kudai, ukikumbuka ulichosamehewa wewe. (Wala kusamehe hakumfungi mtu kurudi kwa anayempiga.)

Katika kutoa, panga. Msamaria wa Luka 10 alifunga majeraha, akayatia mafuta na divai, akamlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, kisha akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Huko kurudi ndiko tunakokusahau. Unapomtembelea mgonjwa au mfiwa, weka papo hapo siku ya kurudi, hasa wakati ambapo wageni wengine watakuwa wamekwisha kuondoka.

Linda pia heshima ya unayemsaidia. Kumbukumbu la Torati 24 inamkataza mkopeshaji kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mwenyewe amletee, na vazi la maskini lirudishwe jua lichwapo ili apate la kulalia. Basi zungumza na mdaiwa wako faraghani, na usimpige picha unayemkabidhi msaada.

Ukiwa na madaraka, iandike rehema katika taratibu. Walawi 19 haikuacha riziki ya maskini na mgeni itegemee hisia za mwenye shamba, bali ilimwagiza asivune pembe za shamba lake. Vivyo hivyo, mpangaji aliyechelewesha kodi apewe ratiba ya kulipa kabla ya kufukuzwa, na mfanyakazi asikilizwe kabla ya kuadhibiwa. Anayewasamehe jamaa zake na kuwaadhibu wengine anapendelea tu.

Fedha za umma zikiibwa, kiongozi hana haki ya kumsamehe mwizi kwa niaba ya walioibiwa; aiache sheria ifuate mkondo wake, kisha aende kumwona gerezani. Mathayo 25 inapomtaja mfungwa wa kutembelewa, haiulizi kama alifungwa kwa haki.