Kuzungumza na mtoto kuhusu muda wa simu na televisheni

Kila mwaka minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba na fedha kuwafikia wakulima wa Newala, Tandahimba na Masasi, nyumba kadhaa hupata simujanja ya kwanza, au televisheni na king'amuzi chake, na mara nyingi mtoto ndiye huwa wa kwanza kujua kuvitumia. Mzazi aliye katika hali hiyo azungumze na mtoto kabla chombo hakijawashwa. Sharti linaloingia nyumbani pamoja na simu hupokewa kama sehemu ya simu yenyewe, ilhali sharti linalokuja miezi mitatu baadaye huonekana kuwa adhabu.

Ikiwa simu imekwishazoeleka, usianzishe mazungumzo wakati mtoto ameishika, wala usiyaanzishe kwa kumpokonya. Saa inayofaa ni ile ambayo mikono yenu ina kazi nyingine: mkiokota korosho, mkichambua mboga, au mkirudi kutoka kisimani. Mtoto asiyetazamwa usoni husema mengi zaidi.

Anza kwa kuuliza, na uulize kwa nia ya kujua. "Mwanangu, siku hizi unapenda kutazama nini? Nionyeshe ile unayoipenda kuliko zote." Kisha kaa naye muitazame mpaka mwisho, hata kama ni katuni isiyokuvutia, kwa kuwa mtoto hawezi kumwamini mtu anayelaumu kitu asichokijua. Video ikiisha, mwonyeshe jinsi nyingine inavyoanza yenyewe bila yeye kugusa chochote, ukamweleze kuwa programu hizo zimeundwa hivyo makusudi, kwa sababu wenye nazo hulipwa na watangazaji wa bidhaa, na kadiri mtazamaji anavyokaa ndivyo matangazo mengi zaidi yanavyomfikia. Maelezo haya yana uzito mkubwa kuliko karipio. Mtoto aliyezoea kuambiwa kuwa ni mkaidi hugundua kwamba ugumu wa kuacha hautokani na ubaya wake, na hapo mnaweza kushirikiana kulitatua jambo badala ya kushindana. Mmoja wenu azime uchezaji huo wa moja kwa moja kwenye mipangilio, na afadhali awe mtoto mwenyewe.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto asiyetimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na mwenye miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa mtoto mkubwa kidogo, kipimo kizuri ni kuangalia kama analala vya kutosha, anacheza nje na anamaliza kazi za shule na madrasa. Usingizi ndio wa kulindwa kwanza: simu isiingie ndani ya chandarua, ichajiwe sebuleni, na hata mzazi aache yake hapo.

Mtoto mdogo hajui dakika thelathini ni nini, lakini anajua video mbili. Kwa hiyo pataneni kwa video, au kwa kipindi kimoja cha televisheni, na umkumbushe kabla ya ya mwisho kuanza. Akishairudisha simu, pawe na jambo la kufanya: mdako, bao, au mpira na wenzake. Kumnyima simu na kumwacha akae bure ni kumtesa. Anayelelewa na bibi au babu, kama walivyo watoto wengi huku kwetu, asiwekewe makubaliano bibi asiyoyajua. Keti na bibi kwanza, kwa heshima, umwombe maoni yake, maana yeye ndiye atakayekuwa na mtoto mchana kutwa.

Mpe pia mtoto ruhusa ya kukukumbusha wewe. "Baba, samahani, tupo kwenye chakula" ni maneno ambayo mtoto mwenye adabu anaweza kuyasema, mradi baba awe ameyaruhusu mapema na ayapokee bila hasira.

Kwa wanaokaribia balehe, na hasa wanaoomba kufungua akaunti ya TikTok, ambayo masharti yake yenyewe yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, liko jambo moja ambalo ningependa kila mzazi alitamke waziwazi. Mtoto anayekutana na picha chafu, au na mtu mzima asiyemjua anayemwomba picha zake, mara nyingi hunyamaza kwa kuhofia kwamba simu itachukuliwa, na mtu yule hunufaika na ukimya huo. Mwambie kabla halijatokea: "Ukiona jambo la kukutisha au la kukuaibisha, niletee simu nione. Sitakupiga, na simu sitakunyang'anya kwa sababu umeniambia." Siku atakapoileta, hata kama moyo unakwenda mbio, timiza ahadi hiyo neno kwa neno.