Jinsi ya kuomba msitu wako wa binafsi usajiliwe: mwongozo kwa wenye miti Nakuru, Kisumu na Magharibi

Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inamruhusu mwenye msitu katika ardhi yake mwenyewe kuomba usajiliwe na Shirika la Huduma za Misitu, yaani KFS. Ni hiari. Wengi husita wakidhani serikali itaichukua miti, lakini ukishasajiliwa ardhi ni yako na miti ni yako vilevile. Unachopata ni haki ya ushauri wa kitaalamu, nafasi ya kuomba mkopo kwenye hazina ya misitu fedha zikiwapo, na nafasi ya kuomba usamehewe ada za ardhi, zote au sehemu. Mkopo na msamaha wa ada nisingevitegemea sana. Ushauri ndio unaolipa nauli ya kwenda ofisini.

Pima kwanza

Kisheria, miti iliyosongamana huitwa msitu inapozidi nusu hekta, yaani kama ekari moja na robo. Safu ya grevilea kwenye mpaka haiingii, hata ikizunguka shamba zima. Msitu unaoanzishwa unahesabika, kwa hiyo usingoje miti ikomae. Vihiga, ambako mashamba yamegawanywa mpaka yakabaki vipande, wengi hawatafikisha kipimo hiki. Hao waende kwa maafisa wa kilimo na misitu wa kaunti, kwa kuwa ushauri wa miti ya mashambani hauhitaji usajili.

Hatimiliki ndiyo kazi yenyewe

Maombi mengi yangekwama hapa hata kabla ya kufika KFS. Anayeomba ni mwenye ardhi, na huku Magharibi hatimiliki nyingi bado zina jina la babu aliyezikwa zamani. Kama ndivyo, anza na mirathi: barua ya chifu inayowataja warithi wote, maombi mahakamani, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la serikali, na siku 30 za kungoja pingamizi. Mahakama ikishatoa hati ya usimamizi, kwa kawaida miezi sita hupita kabla haijathibitishwa, ndipo ofisi ya ardhi ibadilishe jina. Usimfiche shangazi aliyeolewa mbali. Naye ni mrithi, na pingamizi lake litakurudisha mwanzo.

Hata kama jina ni lako, fanya sachi, yaani ukaguzi wa rekodi za shamba, katika ofisi ya ardhi ujue kama kuna mkopo wa benki au zuio juu ya shamba. Kama mnamiliki kwa pamoja, au shamba ni la familia, pateni ridhaa ya maandishi ya kila mmoja, mke au mume akiwemo. Ugomvi wa miti huzuka siku ya kuuza, wala si siku ya kupanda.

Andaa faili

Weka nakala za kitambulisho, hatimiliki na matokeo ya sachi. Ongeza mchoro wa shamba unaoonyesha mipaka, njia, vijito na sehemu zenye miti.

Kisha andika mpango wa usimamizi, na hapa usiandike kwa haraka. Taja aina za miti, mwaka wa kupanda, nafasi kati ya mti na mti, na unailenga kwa kazi gani. Mkaratusi wa nguzo uliopandwa mita 2.5 kwa 2.5 ni miti kama 1,600 kwa hekta. Ukiutaka wa mbao, lazima uandike lini utapunguza miti dhaifu ili iliyobaki inenepe. Visiki vikichipuka baada ya kukata, sema utaacha machipukizi mawili au matatu kwa kila kisiki. Kwa saiprasi, kama ile ya Molo na Elburgon, eleza ratiba ya kupogoa, kwa maana mbao yenye vifundo hushusha bei. Onyesha pia ukanda utakaofyekwa kuzuia moto.

Kama una mikaratusi kando ya kijito, usiifiche kwenye mchoro. Kanuni za misitu ya mashambani za mwaka 2009 zinakataza kuipanda kwenye chepechepe na kingo za mito, na afisa ataiona tu. Andika utaiondoa lini na utapanda nini badala yake. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina vituo Maseno na Londiani ambako unaweza kuuliza mbegu zinazofaa eneo lako.

Peleka maombi

Anzia kituo cha misitu kilicho karibu, au ofisi ya KFS ya kaunti yako. Fomu iombe hapohapo, usinunue kwa dalali wa nje. Baki na nakala iliyopigwa muhuri.

Afisa akija kukagua, uwepo mwenyewe, na jirani wa mpakani awepo ikiwezekana. Atatembea shambani na huenda akapima unene wa miti katika kimo cha mita 1.3. Muonyeshe pia miti ya kiasili. Mwiritsa (Prunus africana), kwa mfano, mti ambao magome yake hutafutwa kwa dawa, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo usikubali anayekuja kununua magome yake usiku.

Usajili si ruhusa ya kukata

Siku ya kuvuna, rudi kwa afisa wa misitu akague unachotaka kukata, kisha upate kibali cha kusafirisha kabla lori halijapakiwa. Dalali akikwambia, "Karatasi niachie mimi," mkatalie. Kibali kiandikwe kwa miti yako, kutoka shamba lako, kwa kiasi kilichopakiwa, na nakala ibaki kwenye faili lako.