Kabla ya kumng'oa mwenyekiti: namna ya kuendesha mkutano wa tawi la marubani Unguja na Pemba

Upepo wa kusi ukivuma na wageni wakijaa, kila rubani wa ndege ndogo anayelala Unguja ana neno juu ya uongozi wa tawi la chama chake cha wafanyakazi. Mwenyekiti amelala. Katibu anakula sahani moja na menejimenti. Ada zinakatwa, hatuoni kitu. Haya husemwa kivulini chini ya bawa la Caravan, ndege ndogo ya injini moja, wakati mizigo inapakiwa, kisha mlango unafungwa na kila mtu anakwenda zake. Rosta, yaani ratiba ya zamu, ya wiki ijayo inatoka vile vile.

Kiongozi wa tawi anaweza kupimwa kwa kitu kimoja tu: alipewa kero gani kwa maandishi, na akaifanyia nini. Kama hakuna kero iliyoandikwa, hakuna cha kumhukumia, na atakayechukua nafasi yake atarithi kabati tupu. Kwa hiyo kazi inaanza kwenye kuandika saa za kazi, si kwenye kura.

Ujue uko chini ya sheria ipi

Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, ajira si jambo la Muungano. Ndiyo maana leseni yako imetoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), lakini mkataba wako wa kazi unaweza kuwa chini ya sheria za Zanzibar: Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1 ya 2005. Wenye mikataba ya Bara wako chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na migogoro yao inakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Fungua mkataba, usome kifungu cha sheria inayotumika na kinachotaja mahali pa kazi. Tazama pia karatasi ya mshahara: makato ya hifadhi ya jamii yakienda mfuko wa Zanzibar (ZSSF) ni dalili ya ajira ya Zanzibar, yakienda NSSF ni dalili ya Bara. Dalili tu, mkataba ndio msemaji. Kosa linaloumiza watu ni la rubani mwenye kituo Zanzibar na mwajiri mwenye ofisi kuu Dar es Salaam, anayepeleka shauri upande usio wake. Kwa Bara, mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30, mwengine wowote ndani ya siku 60. Ukizunguka mwezi mzima kwenye mlango usio wako, huo wa kweli unaukuta umefungwa.

Katika tawi moja mnaweza kuwa na watu wa pande zote mbili. Andikeni orodha ya wanachama yenye safu ya "Zanzibar" na "Bara" mapema, kwa sababu barua za madai zitatofautiana.

Kusanyeni saa, siku 28

Hapa ndipo penye uzito wote, na ndipo wengi wanapopita mbio. Rubani wa njia fupi akilalamika kwamba "anaruka sana", menejimenti inafungua hesabu ya saa za kuruka na kumshinda palepale. Dar–Unguja ni kama dakika 20 angani. Hata ukiruka mara nane kwa siku, saa zako za kuruka zinaonekana kama za mtu aliyepumzika. Kinachokula mwili ni muda wa kazi: tangu unaporipoti mpaka unapoachiliwa. Tazama siku moja ya mfano:

Kuripoti 0545. Ndege inasogea 0630. Miruko minane ya dakika 25 kutoka kusogea mpaka kusimama: saa 3 na dakika 20. Kati yake, vituo sita vya dakika 25: saa 2 na nusu. Kungoja mchana: saa 3 na dakika 40. Ndege inasimama mara ya mwisho 1600. Karatasi na kufunga ndege mpaka 1630.

Muda wa kuruka ni saa 3 na dakika 20. Muda wa kazi ni saa 10 na dakika 45, sehemu yake kubwa ikiwa juu ya lami, juani, unapima mizigo ya abiria wa Pemba waliokuja na magunia mawili badala ya begi moja. Ukidai kwa saa tatu unashindwa. Ukidai kwa saa kumi na robo tatu unasikilizwa.

Kwa siku 28, kila mwanachama aandike mambo matano kwa kila siku ya kazi: saa ya kuripoti, saa ndege iliposogea mara ya kwanza, saa iliposimama mara ya mwisho, idadi ya miruko, na saa ya kuachiliwa. Aongeze la sita kama lipo: rosta ilibadilishwa saa ngapi, na kwa njia gani. Ujumbe wa saa nne usiku unaosema "kesho njoo mapema" ni ushahidi, uhifadhiwe kama ulivyo.

Angalieni sana saa. Rubani wa hapa anaishi na saa tatu kwa pamoja: ya kimataifa inayoandikwa kwenye daftari la ndege, ya Afrika Mashariki inayotangulia ile kwa saa 3, na ya Kiswahili inayoanzia alfajiri. Kuripoti 0245 ya kimataifa ni 0545 ya hapa, nayo ni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Mmoja akiandika 2:45, wa pili 5:45, wa tatu 11:45, jedwali lote linakataliwa, na kwa haki. Chagueni moja, saa ya hapa kwa tarakimu nne, na iandikwe juu ya kila ukurasa.

Jedwali likikamilika lilinganisheni na kitabu cha uendeshaji cha kampuni, Sehemu A (mara nyingi sura ya 7), ambako mipaka ya muda wa kuruka, muda wa kazi na mapumziko imewekwa kwa idhini ya TCAA. Msitumie mipaka ya Ulaya au Marekani mliyoisoma kwenye simu. Onyesheni siku, ukurasa na kifungu kilichovunjwa. Na kama hakuna kilichovunjwa, semeni hivyo. Hoja inabaki ya makubaliano ya hali bora na bado ni hoja halali. Msiiite uvunjaji wa kanuni.

Onyo moja. Taarifa ya uchovu inayopelekwa idara ya usalama na malalamiko ya chama ni vitu viwili, visitiwe kwenye bahasha moja. Taarifa za usalama zina ulinzi wake ili watu waendelee kuripoti bila woga. Zikianza kutumiwa kama silaha ya mazungumzo ya mshahara, mwezi ujao hakuna atakayeripoti. Na msipige picha karatasi zenye majina ya abiria.

Maswali ya kuuliza uongozi

Mpelekeeni katibu barua wiki mbili kabla ya mkutano. Isizidi ukurasa. Aulizwe: tangu mkutano uliopita, kero zipi zilipokewa kwa maandishi na tarehe zake, barua zipi zilipelekwa kwa mwajiri na majibu gani yalikuja, ada kiasi gani kimeingia, kimetumikaje, na hesabu zilizokaguliwa ziko wapi.

Kuhusu ada, kabla hamjamtuhumu mweka hazina, hakikisheni fedha zilimfikia. Kukatwa kwenye mshahara si kufika chamani. Kwa sheria ya Bara, mwajiri anakata baada ya mfanyakazi kutia saini fomu ya idhini, na anatakiwa kupeleka ndani ya siku saba baada ya mwezi wa makato kwisha. Akichelewa anadaiwa asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku. Chukueni karatasi za mshahara za miezi mitatu, jumlisheni makato, mlinganishe na taarifa ya benki ya chama. Mara nyengine mwizi mnayemtafuta ndani ya tawi hayupo kabisa; fedha zimekaa kwa mwajiri.

Tazameni pia kama mmempa mtu mmoja kazi ya watu watatu. Sheria ya Bara inatoa wawakilishi watatu kwa sehemu ya kazi yenye wanachama 10 hadi 20, na kumi kwa wanachama 21 hadi 100. Tawi lenye mwakilishi mmoja ambaye naye anaruka siku sita kwa wiki litaonekana limelala, hata akiwa mtu mwema kuliko wote.

Na yule mnayesema ni "mtu wa menejimenti"? Hilo lina jibu la kisheria. Kwa Bara, mfanyakazi wa menejimenti ya juu, yaani anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kufunga makubaliano ya pamoja, hawezi kuwa mwanachama wa chama kinachowakilisha walio chini yake. Rubani mkuu wa kampuni anaweza kuangukia hapo, kama ana mamlaka hayo. Kepteni mkufunzi kwa kawaida hayumo, lakini asisimamie kura wala asihesabu, kwa sababu yeye ndiye anayetia saini kupandishwa cheo kwa rubani msaidizi.

Siku ya mkutano

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ndege ni chache na watu wanapatikana. Agosti mtapata viti vitupu. Kodini ukumbi Mazizini au Kiembesamaki, karibu na uwanja lakini nje ya eneo la mwajiri, na muanze baada ya sala ya Isha. Anayeripoti alfajiri aruhusiwe kupiga kura kwanza na aende kulala. Mkutano wa kupinga uchovu usiwe chanzo cha uchovu. Waliolala Chake Chake wasiachwe. Kama katiba ya chama inaruhusu kura kwa njia ya simu, tumieni. Kama hairuhusu, pelekeni sanduku Pemba na msimamizi wake, kura zihesabiwe siku moja.

Someni katiba juu ya taarifa ya mkutano na akidi, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuwepo. Tuseme wanachama ni 34 na akidi ni nusu: wakifika 16, lolote mtakaloamua litatenguliwa na mtu mmoja mwenye hasira. Hesabuni vichwa, mwandike idadi na saa, ndipo mfungue.

Mwenyekiti anayejadiliwa asikalie kiti. Kila msemaji apewe dakika tatu. Halafu jambo dogo lenye faida kubwa: marubani wasaidizi waseme kwanza, makepteni baadaye. Kepteni akishasema, kijana anayesubiri kupandishwa hatampinga. Ni ukimya ule ule unaoogopwa ndani ya chumba cha rubani, na mkutanoni unazika nusu ya kero.

Hoja iandikwe neno kwa neno kabla ya kujadiliwa. "Hatuna imani na uongozi" haitoshi. Andikeni hivi: "Kwa kuwa barua tano za wanachama kuhusu mabadiliko ya rosta hazikupelekwa kwa mwajiri, mkutano unamwondoa katibu wa tawi kwa mujibu wa kifungu hiki cha katiba, na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 30." Mtuhumiwa ajibu mbele ya wote, kisha kura ya siri.

Kero nyengine za kuingiza ajenda

Mkataba wa mafunzo. Deni la mafunzo unalodaiwa ukiondoka mapema lipungue kila mwezi, si kubaki lote mpaka siku ya mwisho. Tuseme ni dola 12,000 kwa miezi 24: kila mwezi unafuta 500. Anayeondoka baada ya miezi 15 anadaiwa 4,500. Kama mkataba unasema 12,000 zote, hiyo ni hoja ya kwanza ya mezani.

Cheti cha afya daraja la kwanza. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinadumu miezi 12, lakini rubani aliyepita miaka 40 anayebeba abiria kibiashara akiwa peke yake anapimwa kila miezi 6. Kwa watu wa Caravan waliopita umri huo na wanaoruka peke yao, gharama ni mara mbili, pamoja na nauli na siku ya mapumziko iliyoliwa. Ulizeni nani analipa, na kama siku hiyo inahesabiwa kazini. Pamoja na hilo, bima ya kupoteza leseni: mshipa mmoja wa moyo ukigoma, mshahara wote umekwenda.

Posho za kulala nje na maji ya kunywa uwanjani zinamalizika kwa mazungumzo ya nusu saa mkiwa na jedwali.

Baada ya kura

Kumbukumbu ziandikwe ndani ya saa 48 na kusambazwa kwa wanachama. Barua kwa mwajiri iwe na madai yasiyozidi matatu, jedwali la siku 28, na tarehe ya kujibiwa. Ipelekwe kwa mkono, nakala igongwe muhuri wa mapokezi.

Kukitajwa mgomo, tulieni. Sheria ya Bara inawazuia waongoza ndege kwa kuwa huduma yao ni muhimu. Marubani hawakutajwa humo, lakini kuna ngazi: mgogoro wa maslahi (wa kudai hali mpya), usuluhishi, kura ya wanachama kwa mujibu wa katiba, kisha taarifa ya saa 48. Ukiruka ngazi, unabaki bila ulinzi. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma chini ya KALPA, chama chao, wakidai, pamoja na mengine, michango ya mfuko wao wa akiba. Baada ya siku chache mahkama iliwaamuru kurudi kazini.

Na msipange kuugua pamoja. Kukataa mruko kwa sababu umechoka au huna afya ni wajibu wa mwenye leseni, mmoja mmoja, na kila mmoja aandike sababu yake siku hiyo hiyo. Ukifanywa mpango wa kikundi unageuka mgomo usio na taarifa, na siku utakapokuwa umechoka kweli hakuna atakayekuamini.

Siku ya kujibiwa ikipita kimya, mwakilishi asiandike barua ya pili ya kukumbushia. Achukue nakala yenye muhuri, jedwali na kumbukumbu za kura, aende kufungua mgogoro kwa upande ambao mkataba unautaja.