Malizana na njaa kabla haijaanza kuongea

Ibada ya Kiswahili kanisani kwetu hapa Busia ndio hujaa kuliko zote, kwa sababu pale unapata Msamia, Mteso, Mkongo aliyeshuka kwenye trela akingoja karatasi zake za mpakani, Mkenya aliyevuka kwa mguu tu, wote chini ya mabati mamoja. Sasa mchungaji akitangaza kwamba wapendwa, kuanzia Jumatatu ijayo tunaingia kwenye maombi na kufunga siku 21, mfungo wa Danieli, watu wanapiga amina hadi mabati yanaitika, na hakuna hata mmoja anayeinua mkono kuuliza, na chai je?

Mimi siku hizi nauliza. Nauliza chai, nauliza yai, nauliza mafuta ya kukaangia, hadi mama wa maombezi ananiangalia vibaya. Lakini nina sababu, na sababu yenyewe ni roleksi, ile chapati ya kuviringishiwa mayai.

Mwaka juzi siku ya nne ya mfungo, saa kumi na moja jioni, nimefunga kibanda changu cha nafaka naelekea maombi. Pale kwenye kona kuna kijana anapika chapati, na mnajua vile anafanya, anapiga mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anakatia kitunguu na kabichi na nyanya, anamwaga kwenye chuma, ile sauti tu ya mafuta ilinisimamisha barabarani. Hapo ndio niligundua njaa ni loya. Ikaanza kunitetea taratibu kabisa: Danieli alikataa nyama na divai, yai sio nyama, yai sio divai, chapati ni ngano tu, na kabichi si mboga hio? Kesi ikaisha kwa dakika mbili. Nikala roleksi nyuma ya kontena nikiwa nimeinama kama mwizi, nikapangusa mdomo na leso, nikaenda kuomba nikinuka kitunguu, na mama wa maombezi akanisogelea kuniwekea mikono akavuta pumzi akanyamaza. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kama angesema.

Kwa hio jambo la kwanza, wiki nzima kabla ya kuanza, ukiwa umeshiba (hii ni muhimu, ukiwa umeshiba), kaa chini na kalamu uandike unafunga nini na hufungi nini. Usiseme tu nafunga Danieli, juu Danieli mwenyewe ako na mifungo zaidi ya mmoja. Kuna ule wa sura ya kwanza, yeye na wenzake watatu waliomba wajaribiwe siku 10. Biblia za lugha zingine zinasema walikula mboga, hii yetu ya Kiswahili ya zamani, ile ya Union, inasema mtama na maji. Inasema pia posho yao iliondolewa, na hapo sisi wa Uganda tunacheka, kwa sababu hapa posho ni ugali na ugali ndio tunafungia! Posho ya kwenye Biblia ni lile fungu la chakula kutoka jikoni kwa mfalme, usiogope, sima yako iko salama. Halafu kuna ule wa sura ya kumi, majuma matatu bila nyama, bila divai, bila chakula kitamu, na hapo ndipo hizo siku 21 zinatoka. Hicho chakula kitamu ni nini kila mtu atajibu kivyake, kwangu ni soda, mandazi na sukari ya kijiko cha tatu.

Wenzetu Wakatoliki walishaandikiwa hawahangaiki hivi. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu mtu wa miaka 18 hadi 59 anakula mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo ambavyo hata ukivijumlisha havifikii mlo mmoja, na kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Waorthodoksi nao, wale wa Namungoona kule Kampala na matawi yao, Kwaresima kubwa yao nyama, mayai na maziwa vyote viko nje, kwa hio kesi ya yai kwao ilifungwa zamani sana. Sisi walokole ndio tunaachiwa kila mtu na dhamiri yake, na dhamiri ikiwa na njaa ndio hivyo tena nyuma ya kontena. Andika. Yai hapana ama yai ndio, maziwa, chai, mafuta, samaki, mukene (wale dagaa). Na yale mabinzari na viungo vya mchuzi vya paketi soma nyuma, saa zingine kuna nyama ndani na wewe unadhani ni rangi tu.

Sasa hii ya pili sitaki utani. Dawa. Kama unameza ARV, kama uko kwenye dawa za TB, hizo haziingii kwenye mfungo hata siku moja, zimeze saa ileile unayomezaga, na kama yako iliandikiwa uimeze na chakula basi kula kidogo umeze, Mungu hajachanganyikiwa. Mwenye kisukari ndio namwogopea zaidi, juu sindano ya insulini na vidonge kama glibenclamide vinaendelea kushusha sukari hata kama hujatia kitu tumboni, vyenyewe havijui mko kwenye maombi. Unaanza jasho baridi, mikono inatetemeka, unaongea mambo hayaeleweki, na watu badala ya kukupa kitu chenye sukari haraka wanaanza kukemea mapepo. Nimeiona hio kwa macho yangu na yule mama alipona kwa sababu binti yake alikuja mbio na soda, sio kwa sababu ya kelele zetu. Kwa hio mwenye sukari, mwenye presha na vidonge vyake vya kukojoza maji, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo, nenda helthi senta kabla ya kuanza, mwambie daktari wazi nataka kufunga namna hii na hii, akuambie kama inawezekana na dozi ibadilikeje. Usibadilishe mwenyewe. Wajawazito na wanaonyonyesha, na watoto, waachwe na chakula chao, wanaweza kuacha kitu kingine, hata simu. Na dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac msizimeze tumbo tupu eti kichwa kinauma, zinachoma.

Na kuhusu kukauka kabisa bila maji. Esta alifunga siku tatu, usiku na mchana, hakula hakunywa, najua kila mwaka kuna mtu anamtaja. Esta alikuwa anaenda mbele ya mfalme asiyeitwa na angeweza kuuawa, wewe unaenda Sofia, pale mpakani, kubeba magunia juani. Kunywa maji. Mkojo wako ukiwa mweusi kama chai ya rangi hio ni mwili unakuambia kitu. Na kama kuna kiongozi anakuambia usinywe, usimeze, usimwambie mtu wa nyumbani, toka hapo mbio, maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa kule Shakahola, Kilifi, kuanzia 2023, na wengi wao walianza tu kama mimi na wewe, waliambiwa wafunge.

Basi turudi kwenye chai. Watu hudhani siku ya pili kichwa kinauma kwa sababu shetani amekasirika, kumbe ni majani ya chai. Ukizoea chai ama kahawa kila siku halafu uikate ghafla, kichwa kinaanza ndani ya siku moja hivi na kinaweza kukusumbua hata wiki. Mimi naanza kupunguza siku kumi kabla, kama nilikuwa vikombe vinne nashuka vitatu, viwili, kimoja, halafu nusu, halafu maji moto na tangawizi na limau. Jumatatu ikifika sina deni na mtu. Sukari pia hivyohivyo, punguza kijiko kidogokidogo. Na ile Jumapili ya mwisho msifanye karamu ya kuaga nyama jamani, kuna watu wanakula kama wanaenda jela, halafu Jumatatu tumbo limevimba maombi yanakuwa ya kuomba choo.

Chakula cha mfungo kitafutwe mapema na hapa nasema kama mwenye kibanda, sio kwa kujipigia debe. Mfungo mwingi unakuwa Januari na Januari mfuko wenyewe ulishaanza kufunga kabla yako, ada ya shule inakuja, kwa hio usingoje. Maharagwe kilo tano, karanga za kusaga, unga wa posho, mtama ama ulezi wa uji na wa kalo (ule ugali wa ulezi), muhogo, viazi vitamu, matoke kama una bahati. Kinachovunja mfungo wa Danieli nyumbani kwangu sio tamaa, ni maharagwe mabichi saa moja usiku. Umechoka, umetoka maombi, sigiri haijawashwa, maharagwe yanataka masaa mawili matatu ya makaa, hapo loya anaamka tena, anakuambia si chipsi ni viazi? Kwa hio maharagwe yanalowekwa usiku, asubuhi unamwaga yale maji unayachemsha mengi mara moja, unagawanya. Ukiyaloweka hata gesi tumboni inapungua kidogo. Maharagwe na posho vikikaa sahani moja vinasaidiana, kile protini ambacho kimoja kimekosa kingine kinacho, na ukiongeza mboga za majani kama dodo (mchicha) ama nakati, na kipande cha chungwa mwili unachukua madini ya chuma vizuri zaidi. Mchuzi wa karanga ndio umeniokoa mimi, bila karanga siku 21 ni ndefu sana. Parachichi pia. Lakini kuna wale wanakula matunda tu asubuhi hadi jioni halafu wanashangaa wanazimia kwenye kesha, ndizi na tikiti peke yake haiwezi kukubeba na magunia.

Watu wa nyumbani nao. Yesu alisema ukifunga paka mafuta kichwani unawe uso watu wasijue, na wengine wanaichukua hio hadi wanamficha bwana wa nyumba. Hapana. Yule anayepikiwa na anayekupikia lazima ajue, kutojitangaza ni kule sokoni na kwenye status. Wenye ndoa pia muongee lile jambo lingine mapema, Paulo kwa Wakorintho aliweka wazi kwamba mkinyimana iwe kwa kupatana na kwa muda tu, sio mmoja anatangaziwa usiku wa kwanza taa imeshazimwa. Watoto wataendelea kula kawaida na wewe ndio utawakaangia mayai, kwa hio jiandae kunusa. Kama huwezi, mpe zamu dada mkubwa wiki ya kwanza.

Na wakwe! Mwaka jana niliandika kila kitu, chai nimepunguza, maharagwe yapo, nikasahau kumpigia mama mkwe. Siku ya tisa akashuka kwa boda na kuku hai mkononi, kuku mwekundu mzuri, amefungwa miguu na kamba ya katani. Mkwe akikuletea kuku unajua hio sio zawadi tu, hio ni neno, kumkataa ni kumkataa yeye. Nilipiga magoti nikampokea, nikamweleza mama, tuko kwenye maombi hadi tarehe fulani, na yeye Mkatoliki wa zamani akanielewa vizuri, akasema basi tumfunge chini ya meza atangoja. Simu ya dakika mbili ingeniokoa aibu hio. Piga simu. Na uangalie kalenda, kama kuna kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana kwa wazazi wa binti, ama harusi katikati amua mapema kama utaenda na utakula nini, sio uamue ukiwa mbele ya pilau.

Maombi yenyewe watu huyapanga mwisho, ndio maana nami nimeyaweka hapa, haha. Lakini ukweli mfungo bila saa ya kuomba ni dayeti. Ile saa ya chakula cha mchana uliyookoa ina mwenyewe, mimi nafunga kibanda nusu nakaa ndani na daftari, kila wiki jambo moja, sio kuombea Uganda nzima siku ya kwanza hadi sauti inaisha. Kama kuna kesha panga na nani mnarudi naye, mwanabodaboda mnayemjua, usiku wa mpakani sio wa kutembea peke yako ukiwa na kizunguzungu.

Na kufungua nako ni maandalizi, kuandikwe kwenye daftari lilelile. Kama ulikuwa unakula mboga na posho tumbo halina shida sana, ila nyama na mafuta rudisha polepole. Lakini kama ulikuwa kwenye maji na uji mwepesi kwa siku tano na zaidi, hapo kuwa mwangalifu kabisa, kula kingi ghafla kunaweza kuvuruga chumvichumvi za damu hadi moyo, anza na uji, supu ya mboga, kidogokidogo siku kadhaa, na kama umedhoofika sana mwone daktari kwanza. Mwaka juzi kanisani tulifungulia na pilau ya nyama na soda, na foleni iliyokuwa chooni saa tisa siwezi kuieleza hapa.

Yule kuku chini ya meza naye hakungoja kimya. Siku ya kumi na mbili alianza kutaga, kila siku ama siku moja moja yai, pale pale miguuni pangu ninapokata dodo, mimi na daftari langu limeandikwa yai hapana. Nilikuwa nayaweka kwenye bakuli juu ya kabati. Siku ya ishirini na nne ndio nikachemsha moja, nikalila na chumvi polepole nimekaa kwenye kigoda, na kuku hadi leo hakuna aliyethubutu kumchinja.